Pumzi Niliyompa Ndovu wa Chokaa

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuwa akipiga lipu chumba chake cha juu, na kwa kuwa ni mtu wa kupenda mambo ya kale, alikataa saruji akaagiza chokaa. Mimi nilikuwa uani nikipepeta mchele. Ile harufu iliponifikia, harufu ya chokaa mbichi iliyotiwa maji, kali puani na kavu kooni, ungo ulinitoka mikononi na mchele ukamwagika wote. Wakaja mbio wakidhani nimeanguka. Nikawaambia ni kizunguzungu. Uongo mtupu! Ilikuwa hofu, hofu ile ile ya mtoto wa miaka minane, imenirukia mimi kizee niliyekwisha kuzika mume na watoto wawili. Sikujua kama bado ilikuwamo. Basi nimeona niiandike, kwa ajili yenu wa rika langu mliobaki, maana vijana nikiwasimulia hunitazama kama mtu aliyeanza kupoteza akili.

Baba yangu alikuwa fundi wa chokaa pale Amu. Si wa kupaka kuta tu; alikuwa mchongaji. Zile safu za vidaka vya ukutani mlizoziona katika majumba ya zamani, zenye majani yanayosokotana na maua yasiyokwisha, nyingi ni za mikono yake na ya baba yake. Alichonga majani, maua, kamba na nyota. Kiumbe chenye roho hakuchonga kamwe. Hata samaki hakuchonga, katika mji unaokula samaki kila siku ya Mungu. Nilipokuwa mdogo zaidi nilimlilia anichongee paka. Alicheka sana, akanichongea ua lenye masharubu, akaniambia huyo ndiye paka wa halali.

Lakini miaka ile wenye majumba walikuwa wameacha kujenga. Watumwa walikuwa wameachiwa huru, mashamba ya bara yamelala, na mabwana waliokuwa wakishindana kwa nakshi sasa walishindana kuficha nyufa. Baba alikaa kibarazani na mikono yake mapajani. Mkimwona fundi anayetazama mikono yake namna ile, mwacheni, msimsemeshe.

Ndipo akaja Mzungu mmoja mrefu mwenye ndevu nyekundu, na masanduku yaliyojaza mashua nzima. Mji ukamwita Bwana Mifupa, kwa sababu masandukuni hamkuwa na kitu kingine. Mingi aliichimba bara, mingine akasema aliikuta katika machimbo ya mawe kule Manda. Ilikuwa mifupa iliyogeuka mawe, mizito, rangi ya tende. Akakodi shamba la minazi nje ya mji, kwenye njia ya Shela, akalizungushia ua wa makuti, akatangaza kwamba humo atajenga bustani ya wanyama waliokufa kabla ya Adamu.

Kabla ya Adamu! Mji ulishtuka. Bibi yangu mzaa baba alitema mate kifuani akasema Mzungu amechanganyikiwa kwa jua. "Hao ni wale walokosa nafasi jahazini mwa Nabii Nuhu," alinieleza. "Walitelewa. Wakubwa wote hutelewa." Nami nikawaonea huruma sana wanyama wale waliochelewa, nikawawazia wamesimama ufuoni maji yakiwafika magotini, wakilitazama jahazi linakwenda zake.

Bwana Mifupa alitaka fundi atakayemjengea wanyama kwa chokaa, kwa ukubwa wao ule ule, ili watu waone. Alikuja nyumbani kwetu na michoro. Nilikuwa nyuma ya pazia na mama, ambaye wakati huo alikuwa mja mzito, na nilimsikia baba akisema hapana mara tatu. Mara ya nne akasema atajenga viwiliwili peke yake. Kitu kisicho na kichwa si sanamu, alisema, hakina uhai hata wa kuigiza. Mzungu akacheka, akakubali.

Siku baba aliponichukua kwenda kuona, nilikuwa nimejiandaa kuona kitu kikubwa. Nyinyi mmeshaona sinema, mmeona kila kitu. Mimi kitu kikubwa kuliko vyote nilichokijua ni msikiti. Nilipita upenyo wa makuti nikiwa nimemshika baba mkono, nikainua uso, na mbele yangu palikuwa na miguu minne, kila mmoja mnene kama nguzo ya kibarazani, na juu yake tumbo jeupe lililoziba jua. Nilikojoa papo hapo. Siwafichi. Nilisimama mchangani maji yakinichuruzika miguuni, sikuweza kulia wala kukimbia, na baba anacheka kwa furaha kama mvulana.

"Ni ndovu, mwanangu! Ndovu wa kale! Mguse!"

Nilimgusa. Mifupa yake ilikuwa boriti, mbavu zake fito, na ngozi yake mikeka ya Kipungani iliyozungushiwa kamba na kupakwa chokaa. Kando yake alilala kenge mwenye urefu wa mashua. Wote wawili hawakuwa na vichwa. Mahali pa shingo zilitokeza ncha za boriti, na mimi, ambaye nilikwisha kuona mbuzi akichinjwa, nilijua kabisa kwamba wanyama hawa walikuwa wanangoja kitu.

Nimeishi muda wa kutosha kujua kilichomshinda baba. Si Bwana Mifupa, ingawa alimwambia kila siku, kwa Kiswahili chake cha Unguja, "Fundi, mnyama bila kichwa si mnyama, ni meza." Kilichomshinda ni mikono yake. Ilikuwa imekaa bure muda mrefu, na sasa ilikuwa inamwasha. Alitaka kujua kama ataweza. Alianza na mkonga, akauzungushia mkeka uliokunjwa kama bomba, na akajiambia mkonga si kichwa. Kisha taya, na yale meno ya ajabu ya ndovu yule, yaliyotoka kidevuni na kupinda kuelekea chini. Kisha siku moja niliingia shambani nikamkuta juu ya jukwaa, kidole chake kimeloa chokaa, analizungusha jicho. Alirudi nyuma kidogo akalitazama. Akatabasamu. Lile jicho nalo lilikuwa linamtazama yeye, naapa.

Mji haukunyamaza. Watu waliitikia salamu zake nusu. Chuoni, Maalim wetu hakumtaja mtu. Alitusomesha tu kwamba siku ya Kiyama mwenye kufanya sanamu ataambiwa alitie roho lile alilolifanya, naye hataweza, na adhabu yake haitakoma mpaka aweze. Aliposema hivyo wasichana wote wa safu ya mbele waligeuka wakanitazama. Nilimwona baba yangu, yule wa ua lenye masharubu, amepiga magoti motoni mbele ya ndovu yule, anapuliza na kupuliza, mashavu yamemvimba, na ndovu hashtuki.

Mpaka aweze. Maneno hayo mawili sikuyaacha. Nilikuwa mtoto wa kushika neno na kulitafuna mpaka linitii. Kama hukumu ni mpaka ndovu apate roho, basi ndovu akiwa na roho tayari baba hatakuwa na la kuulizwa. Shida ilikuwa roho yenyewe itoke wapi. Na jibu, Mungu anisamehe, nilikuwa nalo nyumbani. Bi Zena, mkunga wetu, alikuwa amenieleza alipokuwa akimkanda mama: mtoto akifika miezi minne tumboni, malaika huja akampulizia roho. "Ndiyo hiyo yacheza humu," aliniambia, akiuweka mkono wangu juu ya tumbo la mama, na kweli ilicheza.

Ijumaa, wanaume walipokuwa wakienda msikitini, nilimkuta mama amelala ubavu kitandani. Nilifikiri sitachukua nyingi. Funda moja tu. Mtoto ana malaika wake, atajaziwa. Niliinama nikaweka mdomo juu ya kitovu chake, juu ya kanga, nikavuta pumzi ndefu mpaka mbavu zikaniuma, nikafunga mdomo.

Mama akafumbua macho. Hakushangaa. Aliniwekea mkono kichwani. "Mwate, mwanangu," alisema. "Amelala."

Aliniambia nimwache, nami sikuweza kumjibu, mdomo wangu ulikuwa umejaa. Nikatoka mbio. Njia yote ya Shela nilikimbia mashavu yamevimba, napumua kwa pua, na mzee mmoja aliyekuwa juu ya punda wake aliniuliza kama meno yananiuma. Shambani hapakuwa na mtu. Bwana Mifupa alikuwa amelala ndani ya chandarua katika kibanda chake, namsikia akikoroma. Ndovu alisimama katika jua kali la adhuhuri, na mkonga wake ulikuwa umening'inia mpaka kimo cha uso wangu. Niliukumbatia kwa mikono miwili, nikaweka mdomo, nikapuliza yote.

Akanijibu. Sauti nzito ilitoka tumboni mwake, mlio mrefu kama wa siwa inayopulizwa mbali. Leo najua ni mkeka mtupu na tumbo tupu, hewa imeingia imetoka. Siku ile nilijua ni roho. Nilimgusa kifuani na kifua kilikuwa cha moto. Anaishi! Sikuogopa hata kidogo. Nililia kwa furaha, nikambusu mguu, nikarudi nyumbani narukaruka. Baba yangu ameokoka na hajui, na mimi ndiye niliyemwokoa.

Nilipofika mlangoni nilikuta viatu vingi vya wanawake. Mama alikuwa ameshikwa na uchungu. Nilikaa ukumbini chini ya vidaka, nasikia nyayo, nasikia maji yakimiminwa, nasikia mama akiita jina la Mungu. Kisha kukawa kimya. Mnajua vile nyumba ya mzazi inavyongoja kilio cha mtoto, kila mtu ametega sikio. Tulingoja. Nilimsikia Bi Zena akipiga kitu kidogo makofi, mara moja, mara mbili, kisha akapuliza, na kupuliza tena. Halafu sauti yake, chini kabisa:

"Hana pumzi. Mwana huyu hana pumzi."

Sijawahi tena maishani kusikia neno lililoniingia hivyo. Wanawake walianza kulia na mimi sikulia. Niliona kila kitu kwa mara moja: kitovu, mashavu yangu, mkonga. Sikuchukua funda moja. Nilichukua yote. Na nilijua iko wapi.

Nilikimbia tena. Sikumbuki njia. Nakumbuka mkonga tu, nimeuweka mdomoni mpaka ukingo wake umenikata fizi, nikavuta. Nilivuta kwa nguvu zangu zote ili nimrudishie mdogo wangu kilicho chake. Kilichonijia ni chokaa. Vumbi lote la ndani, lililokauka na kubanduka kwenye mkeka, liliniingia kinywani na kooni kama kaa la moto. Nilianguka. Nilitaka kupiga kelele na kelele haikutoka. Nikajikokota nikasimama kwa kuushika mkonga, nikavuta tena.

Baba ndiye aliyenibandua. Alikuwa amekaa msikitini mpaka alasiri, akapitia kazini kwanza, hajajua lolote la nyumbani. Aliniona na kinywa cheupe, midomo imechubuka, namng'ang'ania ndovu wake, akapiga ukelele ambao sikudhani mwanamume anao. Alinishika kichwa, akanisukutua kwa maji ya dafu, akanipaka mafuta ya nazi ulimini kwa kidole, huku ananiuliza nini, nini, ni nini. Na mimi kwa mnong'ono nikamwambia. Nikamwambia mtoto amezaliwa na hana pumzi. Nikamwambia pumzi nimempa ndovu, nilitaka asiulizwe siku ya Kiyama, na sasa ndovu hataki kuirudisha.

Nilikuwa nimemtazama baba yangu maisha yangu yote na sikumjua uso ule. Hakulia. Uso ulimkauka damu tu, ukawa rangi ya chokaa yake.

"Si wewe," alisema. "Wanisikia? Si wewe. Ni mimi."

Aliniketisha kwenye kivuli cha mnazi. Kisha akaichukua nyundo ya mawe, akapanda jukwaa, yeye asiyewahi kumpigia punda kelele, akalipiga lile jicho. Akapiga taya, akapiga meno, akapiga mkonga mpaka ukakatika ukaanguka mchangani na mkeka wake ukichungulia. Bwana Mifupa alitoka kibandani bila viatu, anapayuka kwa lugha ya kwao. Baba hakugeuka. Alipomaliza, kichwa chote kilikuwa chini, vipande vipande, na yule Mzungu mkubwa akaketi mchangani katikati ya vipande kama mtoto aliyevunjiwa kitu chake, akakiokota kimoja, akakipangusa. Hata yeye nilimwonea huruma. Mwezi haukuisha, akapakia masanduku yake akaenda zake, na mvua ikaanza kuwala wanyama wake.

Mtoto alizikwa jioni ile ile. Baba alimbeba mwenyewe, amemfunga katika kitambaa kipya, mzigo mdogo wa kutia huruma. Aliporudi alinawa mikono muda mrefu. Na tangu siku hiyo nyumbani kwetu mtoto yule hakutajwa tena. Hata mara moja! Watu walisema fundi ametubu sanamu, wakamrudishia salamu nzima, wakampa kazi. Alipiga lipu kuta tupu mpaka mwisho wa uhai wake. Kuchonga, hata jani, hakuchonga tena. Sauti yangu ilipona nusu, ikabaki hivi mnavyoijua, ya kukwaruza. Nilikua, nikawa mwali, nikaolewa, baba akafa, na kila nilipowasikia watu wakisema mama yangu alizaa mmoja tu, nilitazama chini.

Miaka mingi baadaye mama alihamia kwangu, akiwa mgonjwa wa miguu. Alasiri moja nilikuwa nikimkanda kwa mafuta ya simsim, naye akaanza tu, bila utangulizi, kama mtu anayeendeleza mazungumzo yaliyokatika jana.

"Nalikwenda kulitazama lile dudu la babako."

Mikono yangu ikasimama.

"Siku ya Jumanne," alisema. "Wanaume wako msikitini alasiri. Wote walinambia, mja mzito asende akatazame mambo kama yale. Nami roho yangu haikutulia. Nikajitanda buibui, nikenda, nikachungulia makutini. Nikaliona lile jito lanitazama. Na mwana akaruka tumboni, mara moya, kwa nguvu. Hakuruka tena. Jumatano, kimya. Alkhamisi, kimya. Sikumwambia mtu. Uliponiwekea kinywa siku ile, nilikuwa na siku tatu namngoja. Nimemuua mwanangu kwa umbeya wa mato yangu."

Nilimtazama macho yale aliyoyalaumu. Maskini mama! Miaka yote ile, anapika, anasali, ananisuka nywele, na hili limo ndani. Sijui niliinuka saa ngapi. Nilijikuta nimesimama na chupa ya mafuta mkononi. Nikamwambia langu. Nikamwambia kwa nini nilimwekea kinywa, na mbio zile, na mkonga, na ile mara ya pili. Alisikiliza mdomo wazi. Alikuwa akijua tu kwamba nilichezea chokaa.

"Ulikuwa na miaka minane!" alisema, kwa ukali, kana kwamba nimemtukana mtu ampendaye.

"Na baba aliniambia ni yeye," nikasema. "Kwa sababu ya sanamu. Alisema, si wewe, ni mimi."

"Babako?" Mama alijishika kifua. "Babako alijiona ni yeye? Mpaka akafa?"

"Mpaka akafa."

Alilia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimlilia mtoto yule, na alilia kwa sauti, bila haya, kama vile mtoto amezaliwa mchana ule. Nililala miguuni pake nikalia naye. Watu watatu katika nyumba moja, kila mmoja anamficha mwenzake maiti ile ile, na hakuna hata mmoja aliyeua. Tungesema siku moja tu, mojawapo ya zile jioni elfu tulizokaa sinia moja tukila kimya, baba angekufa mtu mwepesi. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Si ndovu.

Aliponyamaza, alijifuta kwa ncha ya kanga yake. "Alikuwa na ina," alisema.

Nikamwuliza jina gani. Sikujua kwamba lilikuwapo.

"Lali. Nilimwita hivyo tangu alipoanza kucheza. Babako sikumwambia, nilitaka nimwambie siku ya saba." Kisha akaniomba nilitaje, kwa kuwa yeye hajapata kulisikia likitajwa na mtu mwingine.

Nilinong'ona. Akasema hasikii. Basi nikaita, "Lali!", kwa sauti, kama mtu anavyomwita mdogo wake aje kula, na mama akageuza uso kuelekea mlangoni.